Mzigo wa Bure wa Mhina

— Wewe umewahi kupewa kitu na mtu asiyekujua, asiyetaka kura yako, na asiyekuja kukuhubiria dini yake? Jibu. Usianze na "inategemea".

Mhina alimtupia Mustafa swali hilo kabla hata ya salamu. Hapo ni Manundu, Korogwe, mwaka ule wa mgao wa umeme, barazani kwa Dorkasi mwenye stesheneri. Benchi ni ubao mrefu wa mvule uliookolewa ghala la ushirika lilipouzwa, na sisi tunaolikalia hulikalia kama vile lina mshahara. Mhina ni fundi redio na simu, alisoma cheti cha kompyuta Tanga, na tangu hapo hasemi neno fupi kama refu lipo, wanamwita Giga. Mustafa ni dalali wa chochote kinachohamishika. Wanamwita Soko Huria, na jina analipenda. Mzee Athuman alikuwa mtunza ghala wa ushirika huohuo, wanamwita Chama. Ushirika ulipokufa yeye alibaki na ufunguo wa sanduku la posta, na mpaka leo barua za nusu ya mtaa hupitia mikononi mwake. Kahawa ni ya Mwaija, na birika lilikuwa ndiyo kwanza limetua. Ubishi wa asubuhi hiyo ulikuwa na haraka yake: ndani, mezani, kompyuta ya Dorkasi ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, tayari kuondoka.

Iliugua muda mrefu. Kila flashi waliyoleta walimu ilikuja na virusi vyake. Halafu ile Windows ya kunakili, aliyowekewa na fundi mmoja mpita njia, ikaanza kuandika kwenye kioo, mbele ya wateja, kwamba mwenye mashine hii anatumia mali ya wizi. Mwisho ikagoma kabisa. Na wiki hiyo ndiyo walimu walikuwa walete mitihani ya majaribio ichapwe, kazi inayomlisha Dorkasi mwaka mzima. Mustafa alikuwa amempata mnunuzi wa Mombo, anayetaka kile kioo tu, na pikapu yake ilitegemewa kabla ya adhuhuri. Aliyesimama katikati ni Mhina. Tangu kabla ya masika alimwambia Dorkasi asiuze, dawa ipo njiani: mfumo mwingine kabisa, uitwao Linux, usiouzwa, alioagiza kwenye intaneti kule Tanga, unakuja kwa posta kutoka Ulaya, bila kulipa hata nauli.

— Nimewahi kupewa, — alijibu Mustafa. — Chandarua. Kesho yake wakaja kunipiga picha nimelala ndani yake.

— Hao hawapigi picha.

— Basi ndiyo wabaya zaidi.

— Dada Dorkasi, nipe wiki moja tu, — Mhina alisema kuelekea mlangoni.

Dorkasi alitoka na kitambaa cha kufutia vumbi begani.

— Kaka Mhina, wiki umeshanimalizia. Walimu wanakuja Alhamisi. Nikiwaambia mashine haipo wataelewa. Nikiwaambia ipo lakini inasubiri zawadi toka Ulaya, watacheka mpaka mwakani.

— Mzee Chama, leo umefungua sanduku? — Mhina aligeukia benchi.

— Nimefungua, — alisema Mzee Athuman bila kuinua macho kwenye kikombe. — Hamna kitu.

— Unaona? — Mustafa alijinyoosha. — Giga, ndugu yangu, umepigwa changa la macho. Dunia hii ya sasa, mtu akikupa maji anakuuliza umekunywa mafunda mangapi. Mashamba ya mkonge wameuza, ghala wameuza, reli imelala. Halafu wewe unaniambia yupo Mzungu amekaa kwao, anakutengenezea kitu, anakinunulia bahasha, anakiandikia "Mhina, Korogwe"?

— Si Mzungu mmoja. Ni watu maelfu. Hawajuani. Mmoja yuko Finland, mwingine Brazili, mwingine India. Kila mmoja anatengeneza kipande, akimaliza anakiweka wazi, mwenzake anakikagua, anarekebisha penye kosa.

— Nani anawalipa?

— Wengi hakuna anayewalipa.

— Nani anawasimamia?

— Wanasimamiana.

— Huo ni ujamaa, — Mustafa alisema. — Tuliujaribu. Muulize Mzee Chama.

Mzee Athuman alikunywa kahawa yake. Kwa kawaida hapo ndipo angeshika usukani: angeeleza jinsi mahindi yalivyopimwa kwa haki, na jinsi "bure" ilivyozikwa siku moja na ushirika. Siku hiyo hakusema. Watu walidhani ni kifua.

— Sikiliza nikufafanulie, — Mhina aliendelea. — Windows ni jembe ulilouziwa mpini umechomelewa. Mpini ukivunjika huruhusiwi kuchonga mwingine, unarudi dukani. Ukimwazima jirani, wewe mwizi. Hii nyingine ni jembe, na mti wa mpini, na tezo ya kuchongea, na anayekuonyesha namna ya kuchonga. Sharti ni moja tu. Ukiliboresha, na wewe usifiche. Mpe mwenzako kama ulivyopewa.

— Hilo ndilo sharti la mganga, — Mustafa alisema. — Linaanza dogo.

Nikiri kwamba hotuba za Mhina zilikuwa zinanichosha. Mtu anayesema "usanifu wa mfumo endeshi wa chanzo huria" mbele ya bakuli la kashata anastahili kunyamazishwa. Lakini aliyoyasema baadaye aliyasema kwa sauti ya chini, kwa maneno ya kawaida, na benchi zima likamsogelea.

— Kule Tanga niliyafungua yale maandishi yao ya ndani. Yanayoiendesha yenyewe, siyo picha za juu. Hayajafungwa, yeyote anaingia. Kurasa na kurasa, hazina mwisho. Sikuelewa mstari hata mmoja, nasema kweli. Halafu katikati nikakuta mtu ameacha ujumbe kwa wenzake. Kaandika: samahani, hapa sijui kwa nini inafanya kazi, lakini nimejaribu kuiondoa na kila kitu kikasimama, kwa hiyo tafadhali usiiguse.

Mwaija alishikilia birika hewani.

— Kaandika hivyo? — Dorkasi aliuliza. — Mwenyewe? Kwamba hajui?

— Kwa jina lake. Mbele ya dunia nzima.

— Mimi nimeishi na mafundi miaka yote hii, — Dorkasi alisema, — sijasikia fundi akisema hajui.

Mustafa aliona soko linamponyoka.

— Haya, tuseme wapo. Basi mzigo uko wapi? Nitawaambia uko wapi. Uko bandarini. Forodha wameufungua, wakauliza thamani yake, wakaambiwa bure. Sasa wanatafuta asilimia ishirini ya bure. Toka masika wanapiga hesabu, haipatikani, na mzigo hauwezi kutoka mpaka ipatikane.

— Hilo linawezekana, — Dorkasi alikubali.

— Au hao wenye Windows wamenunua njia. Kila posta wana mtu wao. Akiona bahasha ya bure, anaila.

— Anaila?

— Anaitia moto, anaila, mimi najua? Watu wenye fedha za kiwango kile hawashindwi kitu. Au, sikilizeni hili, mzigo haujaibiwa wala haujazuiwa. Umefika, umeona Korogwe kuna mgao, umerudi. Kitu chenye akili namna hiyo kitakubali kukaa mahali umeme unakatika saa sita?

Hapo alipanda barazani mgeni mrefu mwenye shuka la mistari na fimbo kwapani, simu mkononi. Ni Leboo, mfugaji wa nyanda za Handeni, aliyeleta ng'ombe mnadani na alitaka kuchaji simu kabla umeme haujaondoka.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, mwanangu. Habari za Handeni?

— Nzuri. Majani kidogo. Mama, umeme iko?

Dorkasi alipokea simu. Leboo akapewa kikombe na nafasi benchini, na kwa sababu ugomvi ulihitaji mtu mpya, Mhina akamweleza yote tangu mwanzo: watu wasiojuana, kitu cha bure, sharti la kutoficha. Leboo alisikiliza mpaka mwisho.

— Hiyo najua, — alisema.

— Unaijua Linux? — Mustafa aliuliza.

— Sijui hiyo jina. Najua hiyo kazi. Kwetu mtu, tuseme Tajeu, akinipa mtamba, jina langu linakufa kwake. Na jina lake linakufa kwangu. Mimi simwiti tena Tajeu. Namwita paashe, maana yake mtu wa mtamba. Yeye ananiita vilevile, paashe. Mpaka tunazeeka.

— Na akimtaka ng'ombe wake? — Mustafa aliuliza.

— Hawezi kumtaka. Alishatoa. Lakini huyo mtamba akizaa, na mimi iko rafiki hana kitu, nitakula wote peke yangu? Nitampa ndama. Na yeye tunaitana paashe. Ukienda boma nyingine ukisikia wazee wanaitana hivyo, unajua hapa kuna kitu imepita.

Mhina alikuwa amefungua mdomo. Maneno yaliyotoka safari hii yalikuwa mafupi.

— Kwa hiyo huyo wa Finland, — alisema hatimaye, — mimi nitamwita nani?

— Amekupa nini?

— Amenipa... wamenipa mfumo.

— Basi nyote nyinyi, huko kwenye hiyo mashine, jina lenu ni moja. Mnaitana hiyo mfumo.

Nadhani kila mmoja alikuwa anawaona wale maelfu, wenye usingizi machoni, wakiitana jina moja kutoka nchi hadi nchi bila kujuana sura. Hata Mustafa alikuwa ameacha kutazama barabara. Leboo ndiye aliyerudi duniani kwanza.

— Mhina, — aliuliza, kwa upole kabisa, — wewe hiyo kitu umeiona? Kwa macho yako?

Mhina aligeuza kikombe. Akakitazama chini. Mwaka mzima alikuwa amehubiri barazani, kwa kinyozi, msibani, na siku moja kwenye foleni ya mafuta ya taa, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

— Sijaiona, — alisema. — Nimesoma habari zake.

— Inafanya kazi?

— Wanasema inafanya.

— Na hiyo mzigo, kweli iliondoka kwao?

Mhina alikiweka kikombe chini, mbali na mkono.

Mustafa alisimama, na kwa sifa yake niseme hakushangilia. Alimgusa Mhina begani.

— Ndiyo dunia, kaka. Si kosa lako kuamini. Dada Dorkasi, pikapu ile pale inakata kona. Tuitoe?

Dorkasi alitazama kamba ya katani, akamtazama Mhina.

— Itoeni, — Mhina alisema. — Nilikuchelewesha bure. Huenda hakuna watu kama hao. Huenda nilipenda tu wawepo.

— Mimi nimeziona, — alisema Mzee Athuman.

Alisema taratibu mno hivi kwamba Mustafa aliendelea kuingia ndani hatua mbili kabla ya kugeuka.

— Umeona nini, mzee?

— Hizo. Ni sidii. Kila moja kwenye karatasi ngumu ya rangi ya udongo. Juu pamepigwa picha ya watu, wanawake kwa wanaume, wameshikana. Furushi limeandikwa jina lako, Mhina, kwa herufi za mashine, na Korogwe wameiandika sawasawa, haikukosewa hata herufi.

Mhina alikuwa ameshasimama.

— Zilikuja?

— Zilikuja mvua zilipokatika. Nilidhani ni filamu. Nikasema nitazame moja, halafu nikupe zote. Deki ikaivuta, ikakoroma, ikaitema. Nikatia nyingine, ikatemwa. Zote. Nikajua nimeziua.

— Deki haiwezi kuziua, mzee. Haikuzijua tu.

— Sasa mimi ningejuaje? Niliona haya kukupa furushi limefunguliwa na vilivyomo vimekufa. Na mpunga wangu ulikuwa umeshika punje, ndege kwelea wanashuka kama moshi. Nikazitungika shambani. Sikutoboa hata moja, zina tundu lake katikati, kamba inapita vizuri.

Dereva wa pikapu alipiga honi. Hakuna aliyemwangalia.

— Jua likipanda, — Mzee Athuman alisema, — zinageuka zenyewe kwa upepo, na bonde zima linawaka, rangi zote, hata ambazo hazina jina. Ndege wanapita juu kwa juu, hawatui. Watu wa mashamba ya jirani wanakuja kusimama kwenye tuta kuangalia. Nimevuna mpaka nimewagawia. Wananiuliza dawa hii umeitoa wapi, nawaambia sijui.

— Basi hao watu wapo, — alisema Leboo.

— Wapo, — alisema Mhina. Alikaa tena. — Wametuma. Kweli wametuma.

Dorkasi alikwenda mezani, akaanza kufungua fundo la kamba kwa meno. Mustafa alitoka kwenda kuongea na dereva, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikwenda kuvunja biashara.

— Lakini mzee, — Mhina alisema, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kuelewa, — nilikuuliza kila Jumatatu. Nimesimama hapahapa, nakuuliza.

— Uliniuliza, — alisema Mzee Athuman. — Zilikuwa zinang'aa kwenye mpunga wangu, mwanangu, na mimi nikakutazama usoni nikakwambia hamna kitu.