Sukari Tuliyompelekea Mabruki

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Kanyenye, mbele ya duka lililofungwa tangu bidhaa zilipoadimika. Mwaka ule sukari ilikuwa ya foleni, ratili moja kwa kila nyumba, na Shomari muuza kahawa alikuwa ameacha kabisa kutengeneza kashata. Benchini tulikaa na Omari, tuliyemwita Redio kwa sababu hazimiki, na Tobias wa Reli, aliyestaafu kazi ya garimoshi lakini bado anaamrisha watu kama abiria. Mimi ni mshona viatu. Mwenzetu mwingine, Mabruki fundi baiskeli, alikuwa na siku ya nne hospitali. Sisi ndio tuliomsukuma kwa mkokoteni, hajitambui, anahema kama aliyekimbia. Tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda kumwona, na hakuna aliyelitaja jambo hilo.

— Daktari alituambia siku ile kuwa ni sukari, alianza Redio. Nchi nzima tunaitafuta, kumbe imejificha kwa Mabruki.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Tobias.

— Hiyo ni ya akiba, bwana, si ya ugonjwa.

— Sasa hiyo si akiba? Kaiweka damuni.

— Mimi nasema ni unga wa njano, ule wa msaada.

— Mbona tumeula sote?

— Yeye alikula na ukoko.

— Si unga, akasema Tobias. Ni pampu. Miaka thelathini anajaza matairi ya watu. Upepo mwingine unaingia tairi, mwingine unamrudia fundi. Ndiyo maana alihema vile.

— Na kiu je? Mtu anamaliza mtungi kwa siku?

— Upepo unakausha. Hujaona nguo kwenye kamba?

Redio hakukubali kushindwa.

— Sikieni. Kibanda chake kipo palepale walipolala wapagazi wa misafara. Kuna waliokufa kwa kiu njia ya Ugogo. Hao ndio waliokuwa wanakunywa kwa mdomo wa Mabruki.

Hapo Shomari akaweka birika chini.

— Mimi nilimpa ratili yangu, akasema. Nilimwona anakonda, nikadhani damu imepungua. Kila asubuhi namkorogea chai, vijiko sita.

— Mimi nilimpelekea asali ya nyuki wadogo, akasema Redio kwa sauti ndogo. Chupa nzima.

— Mimi ratili mbili, za foleni mbili, akasema Tobias. Mke wangu nilimwambia zimeliwa na panya, hadi leo anawatega.

Na mimi nilimpelekea sukari guru, tena nikamsimamia ailambe mbele yangu. Nampenda Mabruki. Siku zote nne nilikuwa na hakika kwamba nimemuua, na kumbe kila mmoja benchini alikuwa na hakika hiyohiyo.

Ndipo akafika Pelagia, muuguzi wa hospitali, anakokota baiskeli.

— Shikamooni. Ninyi ndio wenzake Mabruki?

— Marahaba. Yuko hai, binti yangu? akauliza Tobias.

— Kaamka jana. Tumemtundikia maji chupa kwa chupa, na sindano za insulini. Wengine huletwa katika hali ile wasiamke. Mngengoja hadi jioni siku ile kumleta, ningekuja na habari nyingine.

Shomari akajikaza.

— Na sukari aliyokula?

— Ilimzidishia. Lakini ugonjwa alikuwa nao tayari, ile kiu na kule kukonda ndio dalili zake. Daktari kamuuliza nani alimpa sukari yote ile. Kasema kanunua mwenyewe.

Redio akavua kofia, akajifunika uso.

— Sasa atachomwa sindano kila siku, maisha yake yote, akaendelea Pelagia. Sukari basi, asali basi. Hayo tutamfundisha. Mimi limenileta jambo lingine. Kila mlango wa wodi ukifunguliwa anainua kichwa. Leo kaniuliza swali, nikasema nitawapitia.

— Swali gani? nikauliza.

— Mbona wenzangu hawaji?

Tobias, aliyeujua upepo unakotoka na unakorudi, alikuwa anatazama viatu vyake.

— Saa ya kuona wagonjwa haijaisha, akasema Pelagia.

Shomari akafukia makaa mchangani, kahawa ikiwa bado nusu birika. Tukaenda wote wanne, mikono mitupu.