Risala ya Wakazi wa Los Capulines kwa Binti Yao Aliyeko Bungeni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Otilia Zendejas, Spika wa Bunge la Jimbo, padri wetu, na ninyi majirani.

KARIBU
Maua tumeyatandaza tangu kanisani, na bendi umeisikia. Karibu nyumbani, kama bado tunaruhusiwa kupaita hivyo.

TULIKOTOKA
Ulikuwa mwalimu wetu wa darasa la kwanza. Kisima kilipokauka na wakubwa wa Morelia, makao makuu ya jimbo, wakakaa kimya, uliwaongoza akina mama kufunga barabara kuu kwa ndoo tupu. Polisi akauliza, "Mwalimu, kiongozi wenu nani?" Ukamjibu, "Kiu." Hata yeye alicheka. Maji yakaja. Tukakuchagua meya, kisha mbunge wa jimbo. Siku uliyoondoka tulikusindikiza hadi darajani, ukasema, "Jumapili nakuja."

MAFANIKIO
Zahanati ipo. Sheria yako ya visima imefika hata vijiji tusivyovijua. Tukikuona kwenye televisheni tunaambizana, "Kakonda huyu."

CHANGAMOTO
Jumapili ile imekuwa miaka. Wenye maneno husema, "Kapata kiti, kasahau kigoda." Baba yako, Don Cástulo, huwakemea: "Mwacheni, ana kazi ya watu." Lakini kila sikukuu ya marehemu, roho zao zinaporudi nyumbani kula, hupika mwenyewe mikate ya mahindi, akaweka sahani ya marehemu mama yako, na pembeni sahani yako. Mwaka jana jirani yake, Refugio, alimwambia, "Mzee, hii ni siku ya wafu. Oti yu hai."

Akajibu, "Najua. Ila wafu huja kila mwaka."

MAOMBI
Tulikuwa tumeandika pampu mpya na lami. Jana jioni tulikubaliana vifutwe, maana hayo hata mgeni mwingine anaweza kuombwa. Ratiba inasema baada ya hotuba msafara unarudi Morelia. Tunaomba upite kwanza nyumba ya chini, kwa baba yako, kwa miguu, bila walinzi. Mzee tulimtengea kiti hapa mbele, akakataa. Alisema, "Nikifika hapo nitamwita nani? Mheshimiwa sikumzaa mimi." Yuko jikoni kwake, na moto ameshauwasha.

Bikira wa Guadalupe akulinde njiani, na akupunguzie haraka.

Ni sisi watu wako wa Los Capulines.
Imesomwa kwa niaba yao na Eufemia Tapia, uliyemfundisha kusoma.