Elinami Sumari, Aliyefunga Vikaratasi Miguuni mwa Ndege

Wazee wetu shikamooni, mchungaji na wafiwa wote poleni, mimi ni Anande, mdogo wake marehemu, nimejua kusoma mwaka jana nikiwa na miaka arobaini na tatu, kwa hiyo nitasoma polepole, na mtanivumilia.

Kaka Elinami alizaliwa tarehe 9 Juni 1910 hapa Oldonyo Sambu, shule alisoma siku kumi na mbili mwaka 1920, mbuzi wakamwita, na Oktoba 1934 alifunga ndoa na Ndeshi, wakajaliwa watoto wanne.

Tangu 1937 mpaka 1949 alimfanyia kazi Bwana mmoja mkusanya ndege, jina lake silitaji, limetajwa vya kutosha. Ni kaka aliyemwonyesha kwamba ndege wa maziwa ya magadi hapandi msituni, wa msituni havuki mianzi, na juu ya mianzi, kwenye baridi na mawe, wako wengine kabisa, na wakaenda hivyo hivyo mpaka misitu ya Kongo na mikoko ya pwani. Kila ndege kaka alimchuna, akampaka dawa ya sumu asioze, kwa mikono mitupu, glavu anazo Bwana, kisha Bwana akauliza, "Huyu tumempata wapi, Elinami?", akaandika kikaratasi, kaka akakifunga mguuni, akiamini kina jina lake, maana yeye ndiye aliyempata.

Januari hii nilifungua sanduku la ndege alioachiwa atunze, nikasoma vikaratasi arobaini na kimoja, Kiingereza sijui, lakini jina la mtu ni jina, na kote ni la Bwana. Kaka akasema, "Angalia na nyuma, Anande." Nikaangalia, kweupe. Wengine mnanung'unika kwamba ningenyamaza afe na raha yake, basi mjue aliyemdanganya si mimi.

Mikono ilianza kuchubuka 1947, ini likafuata, daktari akasema ni ile dawa, na Jumamosi tarehe 17 Machi 1956, saa nne asubuhi, akafariki.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wa misheni, majirani mliombeba kwa machela, na wapagazi wenzake mliofika kwa miguu. Bwana nilimwandikia barua kwa mkono wangu, hajajibu.

Hiki hapa ni kikaratasi nilichoandika jana, mahali, Mlima Meru, aliyekusanya, Elinami Sumari, nakifunga msalabani kwa uzi wake mwenyewe. Pumzika, kaka, nimeandika mbele na nyuma.