Skolastika Mbeyu Chonga na Chumba cha Uani

Marehemu Skolastika Mbeyu Chonga alizaliwa tarehe 10 Februari 1966 huko Kaloleni, mtoto wa tatu wa Mzee Chonga na Mama Dama, akabatizwa kwa jina la mtakatifu wa siku hiyo, dada yake Mtakatifu Benedikto. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1983, na kuanzia 1986 hadi 2021 alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini.

Tarehe 7 Aprili 1990 alifunga ndoa na Lennox, aliyemtangulia mwaka 2014, wakajaliwa mtoto mmoja, Masha, wakaishi Kibokoni, Mji wa Kale.

Mwaka 2003 aliweka ahadi ya uoblati, akabaki mlei huku akiifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto na kusali zaburi kwa saa zake, hata ofisini, ambako kila adhuhuri aligeuza kiti kikatazama ukuta, na wenzake wakawaambia madereva, "Mbeyu yuko na Mkubwa wake, rudini baadaye."

Agosti 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, titi likapasuka likawa donda, na donda likanuka. Yanayofuata yanachukiza, na Masha mwenyewe ameomba yasifutwe. Ndugu walimtembelea wameziba pua kwa leso, jumuiya ndogo ya Kikristo iliyokuwa ikisali kwake ikahamishia sala nyumba nyingine, na Masha akamtoa mama yake chumbani mwake, akamlaza chumba cha uani, kisha Januari 2025 akamletea mhubiri, ambaye hakuvuka kizingiti.

"Mungu hakai penye uvundo, mama. Kiri kwamba amekuacha, ndipo tukuombee," mhubiri akasema kutoka mlangoni.

"Mama, sema tu, yaishe," Masha akasihi.

"Harufu hii naisikia kuliko nyinyi, mwanangu, iko chini ya pua yangu, na Yeye yuko nami humu humu. Mtoe mgeni wako, saa ya sala imefika."

Tangu siku hiyo sahani yake iliachwa mlangoni. Aliyeingia ni jirani, Bi Fadhiya, Mwislamu, ambaye kila asubuhi alifukiza udi, akaliosha donda kwa mikono yake, na kumtania, "Shoga, leo zaburi ngapi?"

"Tatu. Ya nne umeikatiza wewe."

Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, alifariki akiwa katikati ya Masifu ya Asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bi Fadhiya, nasi jamaa zake tukinywa chai sebuleni, mlango wa uani umefungwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, wafanyakazi wenzake wa Kilindini, na Bi Fadhiya, ambaye hatuna la kumlipa. Waliokuja leo na mashada, wasiokuja alipokuwa hai, hawamo katika shukrani hizi, na sisi wa nyumbani hatumo.

Dada Mbeyu, pumzika kwa amani kwa Yule uliyekataa kusema kwamba amekuacha. Tuliokuacha ni sisi.