Majani ya Sungura na Masikio ya Fundi Randa

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa karakana ya Fundi Randa. Benchi lenyewe kalitengeneza yeye, na mashine yake ya kuranda mbao ikianza kunguruma, hapa hakuna siri: tunapigiana kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Mimi fundi viatu sina neno, kinyundo changu hakimsumbui mtu. Ila Fundi Randa mwenyewe masikio yanamtupa mkono. Binti yake alimletea vile vizibo vya masikio vya sponji, vya kuvaa kichwani, akasema vinamtoa jasho. Muuza kahawa akaviomba, sasa anashikia birika la moto.

Siku hiyo Fundi Randa alizima mashine mapema, akaja benchini na kikombe chake. Binti yake alikuwa njiani kuja na mjukuu aliyeanza kusema, na roho ya babu haikutulia.

— Kwenye simu wananiambia ananiita, mimi nasikia mvumo tu. Naitikia ndiyo, ndiyo. Leo akiniita mbele ya mama yake nisisikie, nitauweka wapi uso wangu?

Redio, ambaye habari zote za mtaa huanzia kwake, akasema dawa ipo. Kasikia wataalamu wanajaribu kemikali zilizomo ndani ya mimea, kwenye majani ya chai, zabibu, hata manjano. Panya waliopewa kabla ya kupigiwa kelele, masikio yao hayakuharibika sana.

— Panya, akasema Kinyozi. Fundi ana mkia?

— Sikio ni sikio, bwana.

— Basi panya wa nini? Mtazame sungura. Anatafuna majani kutwa. Ulishaona sungura anaambiwa jambo mara mbili?

Hapo mjadala ukashika moto. Kinyozi akataka Fundi ale majani mabichi, tena akiwa ameielekea mashine, yajue adui ni nani. Redio akaona tumboni ni mzunguko mrefu, heri manjano yadondoshwe sikioni moja kwa moja. Nami, nisije nikaonekana sina mchango, nikashauri mbao ndizo zilowekwe kwenye chai, ili kelele itoke na dawa yake. Fundi Randa alikuwa anauliza kwa dhati kabisa, mkono sikioni, kama chai hiyo iwe na sukari au bila. Tulikuwa tumesimama wote, mishipa ya shingo imetutoka.

Ndipo tukamwona binti yake kasimama mbele yetu, mtoto kiunoni. Aliitazama karakana, akatutazama sisi.

— Shikamooni. Mbona mnapigiana kelele, na mashine imezimwa?

Redio akamtazama Kinyozi. Kinyozi akanitazama mimi, nami nikatazama kiatu nilichokuwa nimekishika. Tukakaa kimya, na kwa kweli sikumbuki kama benchi lile liliwahi kuwa kimya vile. Mtoto akamwinamia mzee, akasema taratibu:

— Babu.

Fundi Randa akashika ukingo wa benchi.

— Nimemsikia, akasema, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. Rudia, mjukuu wangu.

Akarudia. Mzee akacheka huku machozi yanamtoka, na sisi wengine tukafurahi kama kaitwa kila mmoja wetu. Kisha akainuka, akaenda kwenye birika, akavichukua vile vizibo, akavifuta kwa shati lake na kuvivaa shingoni, tayari kwa kesho. Vilinukia kahawa.

— Sasa mimi birika nitalishikia nini? akalalamika muuza kahawa.

— Muulize Kinyozi, Fundi Randa akamjibu, akimpokea mjukuu. Ana majani ya sungura.