Hatua Elfu Thelathini za Mlinzi

Kijana aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa amepakata tasnifu yake kama mtoto mchanga. Alisomea sayansi ya michezo na mazoezi, na asubuhi hiyo alikuwa anakwenda kuitetea. Mama mmoja wa makamo aliyekaa kando yake akamuuliza, "Hivi kukimbia nako kunasomewa, mwanangu?"

"Miaka minne, mama. Niliwavisha watu saa za kuhesabu hatua. Kuna mlinzi wa lile ghala la mbao, babu wa miaka sabini, anatembea hatua elfu thelathini kwa siku! Nimemwandikia sura nzima."

"Wa ghala la mbao? Si shemeji yangu yule! Kutoka kitini ni mpaka aitwe kula." Mama akajishika mdomo. "Jamani! Ile saa ilikuwa inamwasha mkono, akamvisha mbwa."

Nikageukia dirishani nicheke kwa adabu.

Kijana aliifungua sura ya nne, akaifunga. Tulipokaribia lango la chuo akauliza kwa sauti ndogo, "Huyo mbwa ana umri gani, mama?"

"Mitatu. Lakini ana afya, mwanangu, hapo hukukosea."

Basi likasimama. Mtaalamu wa mazoezi akashindwa kunyanyuka.