Marehemu Tharsisi Nduwayezu na Kamba Yake ya Mkonge

Baba Padri, viongozi wa kijiji, nanyi nyote mliokuja kutushika mkono, naitwa Kipriani, mdogo wake mjane Theodosia, na familia imenituma mimi nisome, ingawa wengi mnajua kwamba kwa karibu miaka miwili mimi na marehemu, shemeji yangu, hatukusalimiana.

Marehemu alizaliwa Nyabibuye tarehe 3 Machi 1946, akasoma shule ya misheni hapohapo, kisha Kasulu, na mwaka 1968 akahitimu uganga msaidizi, akarudi na koti jeupe ambalo mama yake alilianika uani hata likiwa halijafuliwa, ili majirani walione. Alianza kazi Kitanga, akahamia zahanati yetu hapa Mabamba mwaka 1982, mtu mkali wa usafi, asiyempa mtu mkono kabla hajanawa, na wengi tulisema anajidai. Tarehe 25 Julai 1970 alifunga ndoa na dada yangu, wakajaliwa watoto saba, sita wako hai, na wajukuu tisa.

Juni 1997 baba yetu, mzee Ildefonsi, alipatwa na homa ambayo kwinini haikuishusha, macho mekundu, fizi zikitoa damu, na marehemu alipoitazama damu kwenye hadubini asione malaria, alimlaza chumba cha mwisho cha zahanati, akakizungushia kamba ya mkonge, akasema hapiti mtu ila yeye, mwenye glavu, buti na koti la mvua. Baba alifariki tarehe 14, tukataka kumwosha, shemeji akakataa, wakamzika wawili tu, yeye na Rosa, mhudumu wa zahanati, mkwe akamshika baba mkwe wake, jambo ambalo kwetu ni aibu kubwa. Kisha akaandika majina kumi na manne ya tuliomgusa baba nyumbani, akatupima joto asubuhi na jioni kwa siku ishirini na moja, mimi nikimnyima kwapa mpaka dada aliponigombeza. Hakuugua hata mmoja, na majibu ya maabara yalipokuja yakasema ni homa ya virusi ya kutokwa na damu, nami badala ya kushukuru nikanuna, kwa sababu nilishamtukana mbele za watu na sikujua pa kuanzia.

Tarehe 24 Aprili mwaka huu wa 1999 alishikwa na homa, akatapika damu, na kwa kuwa wiki mbili kabla alimhudumia msafiri aliyetokwa damu puani akaondoka bila kupimwa, shemeji hakungoja kuambiwa, alichukua kamba ileile, akaingia chumba kilekile. Rosa alimtoa damu kwa maelekezo yake, kichupa kikawekwa ndani ya chupa ya chai yenye barafu ya friji la dukani kwa Bibi Siti, kikapelekwa Kibondo na kusafirishwa mbali. Siku kumi na mbili dada alikaa nje ya kamba akimsimulia habari za maharage, naye akimkaripia kila aliposogeza kigoda. Tuliogopa jambo moja tu, kwamba atafia mle peke yake na tutamzika kama alivyozikwa baba. Siku ya tano nilikwenda, nikamwambia shemeji nisamehe, akanijibu kwamba nimesimama karibu mno, nirudi nyuma.

Tarehe 6 Mei, saa nne asubuhi, majibu yalifika, si homa ile, na daktari wa Kibondo aliyekuja nayo akatueleza kwamba ni ugonjwa wa ini, hatapona, lakini tunaweza kumshika. Ndugu zangu, tulicheka, tukakumbatiana, nanyi mliotuona, tunawaomba radhi. Rosa alileta mkasi, marehemu akamzuia, akasema kamba itahitajika tena, basi nikaifungua mimi, fundo kwa fundo. Tangu hapo hakukosa mkono wa mtu, mpaka Jumapili tarehe 9 Mei, saa tisa alasiri, alipofariki kichwa kikiwa mapajani mwa Theodosia.

Tunamshukuru daktari wa Kibondo, waliosafirisha kile kichupa, Rosa, Bibi Siti, wafanyakazi wenzake, na majirani mlioacha vyakula penye kamba bila kuchoka.

Shemeji, leo asubuhi mimi na wanao tumekuosha kwa mikono yetu, tukanawa kabla na baada, kama ulivyotaka. Kamba anayo Rosa. Pumzika kwa amani, hakuna aliyesimama mbali.